Injini Ikizimika Angani: Mwongozo Kamili wa Kutua kwa Dharura kwa Ndege Ndogo ya Mafunzo

Wanafunzi wengi wa urubani hukwama mahali pamoja. Mkufunzi anavuta mkono wa nguvu hadi mwisho, anasema "injini imezimika," na dakika nne baadaye ndege iko juu mno au chini mno ya kiwanja, yaani sehemu wazi ya kutua, walichokichagua. Wiki inayofuata wanarudia, matokeo yale yale. Wengine huanza kuamini kwamba hawana jicho la kukadiria umbali.

Kwa niliyoyaona nikiwa kiti cha kulia, cha mkufunzi, jicho lao halina kasoro. Mambo wanayoyajua ni sahihi, ila wanayafanya kwa mpangilio mbovu. Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyeinama kutafuta koki ya mafuta mara tu nguvu ilipopungua. Alikuwa anaitaja orodha ya ukaguzi kwa sauti, neno kwa neno, bila kukosea. Wakati huohuo sindano ya mwendo ilikuwa inashuka: 65, 60, 55, 52. Kiwanja kizuri kabisa kilikuwa kinapita chini ya bawa la kushoto, na hakukiona. Alipoinua kichwa alikuwa amebakiwa na nusu ya kimo chake na hana pa kwenda.

Mwongozo huu unafuata mpangilio unaookoa muda. Usiusome badala ya kitabu cha ndege yako wala badala ya mkufunzi. Pale unapotofautiana na kitabu cha ndege, fuata kitabu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza mazoezi

- Kitabu cha ndege unayorusha. Tafuta ukurasa wa dharura, uandike mwendo bora wa kuteleza bila injini. Cessna 152 ni noti 60 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), Cessna 172S ni noti 68 ikiwa na uzito wake wa juu kabisa, Piper Warrior PA-28-161 ni noti 73. Namba hii uijue kama unavyojua jina lako.
- Orodha ya dharura ya ndege hiyohiyo, si ya ndege dada yake. Cessna 172S, kwa mfano, haina kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na mafuta), ilhali 172 nyingi za zamani zinayo.
- Mkufunzi aliye hai na macho. Zoezi hili halifanywi peke yako hadi uruhusiwe.
- Kimo cha kutosha: futi 3,000 juu ya ardhi ni pazuri pa kuanzia.
- Habari ya upepo na ya kimo cha ardhi ya eneo mnalofanyia mazoezi.

Hilo la mwisho huangusha wengi. Kipima kimo kikiwekwa kwa shinikizo la usawa wa bahari, kinakuonyesha kimo juu ya bahari. Kama ardhi iko futi 400 juu ya bahari na sindano inasoma 1,400, una futi 1,000 tu za kutumia. Fanya hesabu hiyo kabla ya kupaa, maana injini ikinyamaza kichwa hakitoi.

## Hatua ya 1: Mwendo kwanza

Injini ikizimika, shusha pua hadi upate mwendo bora wa kuteleza, kisha weka trimu, kidhibiti kinachokupunguzia nguvu ya kushika usukani, ili ndege ishike mwendo huo yenyewe. Kama ulikuwa unasafiri kwa kasi zaidi ya hiyo, usishushe pua papo hapo. Shikilia kimo, acha mwendo upungue hadi namba yako, ndipo uiache ndege ishuke. Kasi ya ziada ni kimo ambacho hujakitumia bado.

Kama ndege ina kabureta, mkono mwingine uvute joto la kabureta sasa hivi, kabla ya kufikiria jambo lingine. Joto hilo hutoka kwenye mabomba ya moshi, nayo yanapoa haraka injini ikishazimika. Ukichelewa dakika mbili, unavuta hewa baridi kuyeyushia barafu iliyoganda ndani ya kabureta.

Kwa nini mwendo uje kwanza: ndege ya mafunzo ya kawaida ikiwa katika mwendo wake bora husonga mbele takriban futi 9 kwa kila futi 1 inayoshuka. Futi 1,000 za kimo zinakupa karibu maili 1.5 za baharini, pasipo upepo. Ukienda polepole kuliko hapo unashuka kwa pembe kali zaidi. Ukienda kasi zaidi, vilevile.

Onyo: usiinue pua ili "kuvuta" ndege ifike mbali. Macho yatakwambia unasogea karibu na kiwanja, kwa sababu pua imeinuka. Ukweli ni kwamba umepunguza umbali, na sasa uko karibu na stoli, yaani bawa kupoteza unyanyuo.

Umefaulu ukiona: mwendo umetulia, noti 2 au 3 juu au chini ya namba yako, na unaweza kuachia usukani kwa sekunde tano bila pua kutangatanga. Mpaka hapo usiguse kingine.

## Hatua ya 2: Upepo, kisha kiwanja

Upepo unatakiwa uwe unaujua tangu kabla ya dharura. Moshi, vumbi la magari, mawimbi madogo kwenye bwawa, nyasi ndefu zinavyolala, kivuli cha wingu kinavyosogea: vyote vinasema. Vinginevyo tumia upepo uliopewa ulipopaa.

Kutua ukiukabili upepo kuna maana kubwa kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Ukigusa ardhi kwa noti 60 ukiukabili upepo wa noti 10, ardhi inapita chini yako kwa noti 50. Upepo huohuo ukiwa mgongoni, inapita kwa noti 70. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo tofauti hiyo ya noti 20 karibu inaongeza nguvu mara mbili.

Sasa chagua kiwanja. Angalia chini yako na kando yako kwanza, sio upeo wa macho. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mwanafunzi kuona uwanda mzuri wa kijani mbele kabisa na kuuwania, ilhali chini ya bawa lake kulikuwa na kiwanja cha kawaida ambacho angekifikia na kimo kikabaki. Kiwanja cha wastani kilicho karibu ni bora kuliko kizuri ambacho huna hakika nacho. Ukiwa futi 3,000, tafuta kilicho umbali wa futi 3,000 hadi 6,000 kwa usawa. Hapo una nafasi ya kurekebisha makosa.

Tazama mambo haya:

- Ukubwa na umbo. Kirefu kwa upande unaokabili upepo. Kiwanja cha mraba kina faida yake, maana upepo ukigeuka una pande nyingine.
- Mteremko. Ukiweza kuuona mteremko kutoka angani, basi ni mkali. Tua kuelekea juu, hata kama utapoteza upepo kidogo.
- Uso. Nyasi fupi na shamba lililovunwa ni vizuri. Shamba lililolimwa karibuni ni laini. Likikulazimu, tua sambamba na matuta, kamwe usiyakate. Mazao marefu yanaweza kuipindua ndege.
- Mazingira. Miti, majengo, na nyaya za umeme. Waya huwezi kuuona mpaka umechelewa. Tafuta nguzo, na chukulia kwamba kati ya nguzo mbili kuna waya. Barabara huvutia macho, lakini mara nyingi ina nguzo kando, alama, na magari yenye watu wasiokutarajia.
- Wanyama na watu. Ng'ombe wakiwa upande mmoja wa kiwanja, usiamini watabaki hapo.

Umefaulu ukiona: unaweza kumwonyesha mkufunzi kiwanja kwa kidole na kutaja upande utakaotua, ndani ya sekunde kumi na tano.

Onyo: ukishachagua, usibadilishe ila kwa sababu nzito, mfano umeona waya. Chini ya futi 1,000 usibadilishe kabisa. Kubadili mawazo kunagharimu kimo, na kimo huwezi kukinunua tena.

## Hatua ya 3: Panga njia yako kwa vituo

Hapa ndipo zoezi linapofaulu au kuharibika. Usiteleze moja kwa moja kuelekea kiwanjani kutoka mbali, kwa sababu pembe ya kuteleza ni vigumu kuikadiria kwa macho na huna nafasi ya kusahihisha. Jenga mzunguko kama ule wa uwanja wa ndege, wenye vituo ambavyo unajua uwe na kimo gani.

1. Kituo cha juu: karibu na kiwanja, kama futi 2,500 juu ya ardhi. Ukifika hapo ukiwa juu zaidi, zunguka palepale upoteze kimo. Usiende mbali ili kukipoteza.
2. Kituo cha chini: ubavuni mwa mahali utakapogusa, upepo ukiwa mgongoni mwako, kama futi 1,500.
3. Kona ya kuingia: unapogeuka kukata upepo kabla ya mkondo wa mwisho, yaani njia iliyonyooka ya kutua, kama futi 1,000.

Namba hizi ni za kuanzia. Mkufunzi wako atazirekebisha kulingana na ndege na upepo. Faida yake ni kwamba swali gumu la "je, nitafika?" linagawanyika kuwa maswali matatu mepesi. Uko kituo cha chini na una futi 1,200 badala ya 1,500? Geuka mapema. Una 1,900? Panua kona yako kidogo, au geuka ukitazama nje ya kiwanja kwa muda.

Kiwanja kisipotee machoni. Kama kimejificha nyuma ya bawa au nyuma ya mgongo wako, umekwenda mbali mno.

Kwa nini kona iwe karibu upepo ukiwa mkali: ndege inayoteleza kwa noti 68 ikiukabili upepo wa noti 20 inasonga juu ya ardhi kwa noti 48. Umbali wako umepungua kwa karibu theluthi moja. Wanaoangukia ukingo wa mbele wa kiwanja karibu wote walisahau hili, na walisahau walipokuwa bado na upepo mgongoni, mambo yakionekana mazuri.

Umefaulu ukiona: uko kwenye kona ya kuingia, kiwanja kiko wazi pembeni mwako, na hisia yako ni kwamba uko juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Kimo kilichozidi utakipunguza. Kilichopungua huna pa kukipata.

## Hatua ya 4: Tafuta sababu

Ndege inateleza, kiwanja umekichagua, unaelekea kituo cha kwanza. Sasa ndipo mikono inaruhusiwa kwenda kwenye koki na swichi. Peleka mkono kwa mtiririko mmoja, kutoka sakafuni kwenda juu, kila mara kwa njia ileile, kisha thibitisha kwa orodha iliyoandikwa kama muda upo:

- Koki ya mafuta: tangi jingine, au mkao wa matangi yote mawili kwa ndege iliyo nao.
- Pampu ya umeme ya mafuta: iwashwe, kama ipo.
- Mchanganyiko wa mafuta na hewa: mafuta mengi.
- Joto la kabureta: hakikisha bado limevutwa.
- Magneto (vifaa viwili vinavyotoa cheche za injini): zote mbili, jaribu moja moja kama injini inatetemeka.
- Praima (pampu ndogo ya mafuta ya kuwashia injini): imefungwa vizuri.

Propela mara nyingi huendelea kuzungushwa na hewa, kwa hiyo starta haihitajiki; ukirekebisha tatizo, injini inaweza kuwaka yenyewe. Propela ikiwa imesimama kabisa, ndipo unatumia starta.

Dakika moja inatosha. Ndege ndogo ikiteleza hushuka kama futi 700 kwa dakika, hivyo kila unachokitafuta kina bei. Nikiwa na hakika kwamba injini haitawaka, namwambia mwanafunzi aseme kwa sauti: "Haiwaki, natua." Sentensi hiyo huyarudisha macho nje.

## Hatua ya 5: Omba msaada

Kama tayari unazungumza na kituo cha kuongozea ndege, baki kwenye masafa hayo. Kama hakuna, tumia 121.5, masafa ya dharura. Transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, iweke 7700, namba ya dharura.

Sema Mayday (wito wa dharura) mara tatu, alama ya wito ya ndege yako, aina ya ndege, tatizo, unakusudia kufanya nini, uko wapi, kimo gani, na watu wangapi. Mahali ulipo na idadi ya watu ndiyo maneno waokoaji wanayahitaji zaidi. Ukikatizwa na kazi ya kurusha ndege, acha kuzungumza. Redio haiibebi ndege.

## Hatua ya 6: Abiria na kuzima

Mwambie abiria kwa maneno machache: kaza mkanda, ondoa vitu vyenye ncha mifukoni, vua miwani, inama ukisikia nikisema "inama," na tukisimama toka kuelekea nyuma ya bawa, mbali na propela. Mtu aliyeogopa hushika maagizo mafupi tu.

Ukishajua kwamba unatua, funga koki ya mafuta, kata mchanganyiko, zima magneto. Swichi kuu ya umeme iache hadi umalize kushusha flapsi (vibamba vya nyuma ya bawa), kama flapsi zako ni za umeme. Piper nyingi zina mkono wa kawaida, hizo hazikusumbui. Fungua kitasa cha mlango kabla ya kugusa, kwa sababu fremu ikipinda mlango uliofungwa unaweza kukwama.

Katika mazoezi hatua hii inatajwa kwa mdomo na kuguswa kwa kidole tu. Usizime chochote.

## Hatua ya 7: Mkondo wa mwisho

Lenga theluthi ya kwanza ya kiwanja, usilenge ukingo wake. Ukikosea kidogo kwa upungufu, bado unaangukia ndani.

Tazama sehemu unayolenga kwenye kioo cha mbele. Ikipanda kwenye kioo, utapungukiwa. Ikishuka na kuelekea chini ya pua, utapitiliza. Ikitulia, unakwenda hapo hapo.

Flapsi zisubiri hadi uwe na hakika kabisa kwamba utafika. Zikiwa chini, pembe inakuwa kali na mwendo wa kugusa unapungua, mambo mawili unayoyataka, lakini ukizishusha mapema hutafika. Ukishazishusha usizirudishe, maana ndege itazama ghafla. Ukibaki juu mno hata baada ya flapsi, ipeleke ndege kwa ubavu: bawa moja chini, pedali ya upande wa pili, mwendo ukitunzwa. Angalia kwanza kitabu cha ndege kinasemaje kuhusu kufanya hivyo flapsi zikiwa chini.

Umefaulu ukiona: ukingo wa kiwanja uko chini yako, flapsi zote ziko chini, na bado una mwendo.

## Hatua ya 8: Kugusa

Gusa polepole kadiri ndege inavyokubali, ukiwa bado unaiongoza. Shikilia usukani nyuma ili gurudumu la mbele libaki juu muda mrefu, kwa sababu ardhi isiyotengenezwa hulivunja kwanza.

Usiogope kuiharibu ndege. Ndege ndogo nyingi zimebuniwa kuwakinga waliofunga mikanda hadi mkazo wa mbele wa mara 9 ya uzito wao. Kwa mkazo huo, ndege inayokwenda noti 43 inahitaji chini ya mita 3 tu ili isimame. Ikienda mara mbili ya hapo inahitaji kama mita 11. Kwa hiyo hata nafasi ndogo inatosha ikiwa umekuja polepole, na bawa linaloponda kichaka au ua linapunguza mwendo kabla haujakufikia wewe. Kinachopaswa kukwepwa ni kitu kigumu mbele ya viti: shina la mti, ukuta, mwamba.

Ikisimama, tokeni, nendeni upande upepo unakotoka, wahesabu watu, ndipo utafute simu.

## Injini ikizimika mara baada ya kupaa

Hapa mpangilio ni uleule lakini muda ni wa sekunde. Pua imeinuka, mwendo unaporomoka mara tu nguvu ikipotea. Sukuma pua chini kwa nguvu, mara moja. Mkono utasita, kwa sababu ardhi iko karibu. Ndiyo maana tunalirudia zoezi hili.

Tua mbele, ukigeuka kidogo tu kushoto au kulia kukwepa vizuizi. Usirudi uwanjani. Fanya hesabu nami: kwa kugeuka kwa nyuzi 3 kila sekunde, nyuzi 180 zinachukua dakika nzima, yaani zaidi ya futi 700 za kimo. Na ukimaliza, hauko kwenye njia ya kurukia. Uko zaidi ya kilomita moja ubavuni mwake, na bado unatakiwa kugeuka tena. Ukigeuka kwa mlalo mkali, yaani mabawa yakiinama sana, ili kuokoa muda, mwendo wa stoli unapanda: kwa mlalo wa nyuzi 45 unaongezeka kwa asilimia 19, kwa hiyo ndege inayopata stoli kwa noti 48 sasa inaipata kwa 57. Na upepo uliokuwa unakusaidia kupaa uko mgongoni.

Kabla ya kila kupaa, sema kwa sauti: "Ikizimika chini ya futi fulani, natua mbele." Namba hiyo mkubaliane na mkufunzi.

## Injini ikipoteza nguvu nusu

Hii naiogopa kuliko kuzimika kabisa. Injini inayokohoa inakupa matumaini, na matumaini yanakuvuta kuelekea uwanja ulio mbali, juu ya miji na misitu. Ichukulie kana kwamba itakufa dakika ijayo. Chukua mwendo bora, fuata viwanja, na nguvu iliyobaki itumie kukaa karibu navyo.

## Jinsi ya kufanya mazoezi

Vuta joto la kabureta kabla ya kupunguza nguvu. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, ipandishe kidogo kila baada ya futi 500 ili isipoe na ili uhakikishe bado inaitika. Kata zoezi na upande tena ukifika futi 500 juu ya ardhi, au kimo ambacho sheria za unakorukia zinataka kikiwa juu zaidi.

Ukitua, andika vitu vitatu daftarini: sekunde ngapi zilipita hadi mwendo kutulia, kimo ulichokuwa nacho kwenye kona ya kuingia, na kama ungefika. Usiandike ulivyojisikia. Namba ya katikati ikikaribia 1,000 kwa safari tatu mfululizo, mwombe mkufunzi apunguze nguvu siku nyingine bila kukutahadharisha, mkiwa katikati ya maongezi, mahali ambapo hujawahi kukitazama kiwanja hata kimoja.